Anthony Allison

Anthony Clifford Allison (21 Agosti 1925 – 20 Februari 2014) alikuwa daktari na mtafiti wa vinasaba na seli, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba mtu aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu anapata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ushahidi wake ulitokana na damu iliyopimwa Kenya, Uganda na Tanganyika kati ya miaka 1949 na 1956. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa mfano wa kwanza uliothibitishwa wa uteuzi asilia kwa binadamu ambao kisababishi chake kinajulikana.

Baadaye Allison alihamia utafiti wa seli nchini Uingereza, akaongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo mjini Nairobi, na mwishoni nchini Marekani alishiriki kutengeneza dawa inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa.

Maisha ya awali

Allison alizaliwa mjini East London, Afrika Kusini. Familia yake ilikuwa na shamba la pareto eneo la Gilgil, katika nyanda za juu za Kenya, na huko ndiko alikokulia. Tangu ujana alipenda wanyama, mimea na historia ya binadamu wa kale.

Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, alikosoma udaktari. Wakati huo wataalamu kama Ronald Fisher na J.B.S. Haldane walikuwa wameunganisha nadharia ya Charles Darwin na kanuni za urithi kwa njia ya hesabu. Hata hivyo mifano iliyokuwapo ilitoka zaidi kwa nzi, nondo na konokono. Kwa binadamu hakukuwa na mfano ulio wazi.

Usuli: selimundu

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi wa damu. Jina lake linatokana na umbo la seli nyekundu za mgonjwa, ambazo zikipungukiwa oksijeni hujikunja zikafanana na mundu wa kuvunia. Seli hizo hukwama katika mishipa midogo, huleta maumivu makali na huharibika mapema, hivyo mgonjwa hupungukiwa damu. Maelezo ya kwanza ya kitabibu kuhusu seli hizo yalitolewa na James Herrick mjini Chicago mwaka 1910.

Kila mtu ana vinasaba viwili vya kutengeneza sehemu husika ya himoglobini, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Kinasaba cha kawaida huandikwa A na cha selimundu huandikwa S. Hivyo kuna hali tatu:

- AA: mtu hana kinasaba cha selimundu.
- AS: mtu ana kinasaba kimoja cha selimundu. Huyu huitwa mbebaji, na kwa kawaida ana afya njema.
- SS: mtu amerithi kinasaba hicho kwa wazazi wote wawili na ana ugonjwa.

Ikiwa baba na mama wote ni AS, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto SS, nafasi 2 kati ya 4 ya kupata mtoto AS, na nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto AA. Nafasi hizo huanza upya kwa kila mimba. Kama mtoto wa kwanza ni mgonjwa, hiyo haina maana kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.

Mwaka 1949 ulikuwa mwaka mkubwa kwa elimu ya ugonjwa huu. James Neel nchini Marekani alieleza namna unavyorithiwa, na Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya watu wengine. Mwaka huohuo Hermann Lehmann na Alan Raper walitangaza vipimo vyao kutoka Uganda. Katika baadhi ya makabila wabebaji walikuwa wachache sana, lakini kwa Baamba wa magharibi mwa nchi walifikia asilimia 45 hivi.

Hapo palikuwa na fumbo. Watoto wengi wenye SS walikuwa wakifa kabla ya kuzaa, na kila aliyekufa aliondoka na vinasaba viwili vya S. Kwa hesabu hiyo kinasaba cha S kilipaswa kupungua kizazi hata kizazi. Kwa nini basi kilikuwa kingi kiasi hicho?

Safari ya mwaka 1949

Mwaka 1949 Allison alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walikwenda kwa ajili ya mimea na wadudu, naye alichukua kazi ya kukusanya damu za makabila mbalimbali ya Kenya ili kulinganisha makundi ya damu. Pamoja na hayo alipima selimundu. Kipimo kilikuwa chepesi: tone la damu lilichanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha likatazamwa kwa hadubini.

Matokeo yalifuata ramani. Karibu na pwani ya Bahari ya Hindi na karibu na Ziwa Viktoria, wabebaji walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii. Katika nyanda za juu na sehemu kame walikuwa chini ya asilimia 1. Mpangilio huo haukufuata lugha wala asili ya makabila. Wajaluo wa kando ya ziwa na watu wa pwani hawana ukoo wa karibu, lakini wote walikuwa na wabebaji wengi.

Allison, aliyekulia nchini humo, alijua sehemu hizo zina jambo moja linalofanana, nalo ni mbu. Pwani na kando ya ziwa malaria iko karibu mwaka mzima, lakini penye baridi la milimani haipo au ni kidogo. Alianza kuamini kwamba wabebaji wa AS wanakingwa na malaria. Kwanza alirudi Oxford kumaliza masomo ya udaktari, aliyoyahitimu mwaka 1952.

Utafiti wa mwaka 1953

Allison alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953 na kulipima wazo lake kwa njia tatu.

Watoto wa Uganda

Njia ya kwanza ilikuwa kupima damu za watoto wa Baganda karibu na Kampala. Aliwachagua watoto wadogo kwa makusudi. Mtu mzima aliyeishi penye malaria ameumwa mara nyingi na mwili wake umejifunza kupambana na vimelea, kwa hiyo kinga hiyo ya mazoea huficha kinga ya kuzaliwa nayo. Katika miaka ya kwanza ya maisha tofauti huonekana.

Kati ya watoto 290, 43 walikuwa wabebaji. Vimelea vya malaria vilionekana kwa wabebaji 12, yaani asilimia 27.9. Kati ya watoto 247 wasio na kinasaba hicho, 113 walikuwa na vimelea, yaani asilimia 45.7. Tena wabebaji wenye vimelea kwa kawaida walikuwa navyo vichache zaidi.

Jaribio la watu 30

Njia ya pili ilifanyika Nairobi. Wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, ambao walikuwa wameishi mbali na maeneo ya malaria kwa muda mrefu, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kumi na tano walikuwa wabebaji na kumi na tano hawakuwa. Kati ya wasio wabebaji, 14 walipata malaria. Kati ya wabebaji walipata 2 tu. Baada ya uchunguzi walipewa dawa.

Ramani ya Afrika Mashariki

Njia ya tatu ilikuwa kupanua vipimo vya mwaka 1949. Allison alikusanya matokeo ya karibu watu 5,000 wa makabila zaidi ya 30 ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mpangilio ulibaki uleule: penye malaria ya mwaka mzima kinasaba cha S kilikuwa kingi, na pasipo malaria kilikuwa adimu.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1954 katika majarida kadhaa ya kisayansi. Makala iliyosomwa zaidi ni ile ya British Medical Journal ya Februari mwaka huo. Allison alikuwa na umri wa miaka 28.

Musoma: watoto wachanga na watu wazima

Kama wazo la Allison lilikuwa sahihi, dalili yake ilipaswa kuonekana pia katika umri wa watu. Watoto huzaliwa wakiwa AA, AS au SS kwa uwiano unaotabiriwa na kanuni za urithi. Halafu ugonjwa wa selimundu huwaondoa SS, na malaria huwaondoa baadhi ya AA. Basi katika watu wazima AS wanapaswa kuwa wengi kuliko walivyokuwa utotoni.

Takwimu za kupima jambo hilo zilitoka Tanganyika, eneo la Musoma kando ya Ziwa Viktoria, na zilitangazwa mwaka 1956:

- Watoto wachanga 287: AA 189, AS 89, SS 9.
- Watu wazima 654: AA 400, AS 249, SS 5.

Kwa asilimia, wabebaji walikuwa 31.0 kwa watoto na 38.1 kwa watu wazima. Wenye SS walikuwa 3.1 kwa watoto na 0.8 tu kwa watu wazima.

Mwanafunzi anaweza kurudia hesabu yenyewe. Kwa watoto 287 kuna vinasaba 574. Vinasaba vya S ni 89 kutoka kwa AS na 18 kutoka kwa SS, jumla 107, yaani sehemu 0.186 ya vyote. Kanuni ya Hardy na Weinberg husema idadi ya SS inayotarajiwa ni mraba wa sehemu hiyo mara idadi ya watu, nayo ni 10 hivi. Waliopatikana ni 9. Kwa AS zinatarajiwa 87 na walipatikana 89. Yaani wakati wa uchanga uteuzi bado haujafanya kazi kubwa.

Kwa watu wazima, vinasaba vya S ni 259 kati ya 1,308, yaani sehemu 0.198. SS wanaotarajiwa ni 26 hivi, lakini waliopatikana ni 5. AS wanaotarajiwa ni 208 hivi, lakini waliopatikana ni 249. AA wanaotarajiwa ni 421 hivi, na waliopatikana ni 400. Pande zote mbili zimepungua na katikati pameongezeka.

Nyuma ya tarakimu hizo kuna vifo vya watoto. Fumbo la kinasaba kisichopungua linafumbuliwa hapo: S hupotea kwa watoto wanaokufa kwa selimundu, na A hupotea kwa watoto wanaokufa kwa malaria. Mahali penye malaria nyingi hasara hizo hulingana, na vinasaba vyote viwili hubaki katika jamii.

Mapokezi

Allison hakuwa wa kwanza kufikiria uhusiano wa magonjwa ya damu na malaria. E.A. Beet, daktari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), aliandika mwaka 1946 kwamba wabebaji wa selimundu walionekana kuwa na vimelea vichache. Haldane naye alikuwa ametoa wazo kama hilo kuhusu thalasemia katika nchi za Mediteranea. Mchango wa Allison ulikuwa kukusanya ushahidi wa aina mbalimbali na kuuelekeza kwenye swali moja.

Si wote waliokubali mara moja. Watafiti wengine waliopima watu wazima hawakuona tofauti, na jaribio la watu waliojitolea nchini Marekani lililotangazwa mwaka 1955 halikuonyesha kinga. Mabishano yalipungua kadiri utafiti wa watoto ulivyoongezeka. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliotangazwa mwaka 2005 ulikuta kwamba watoto wa AS wamekingwa kwa karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali, na kwa asilimia 50 hivi dhidi ya malaria ya kawaida.

Namna kinga hiyo inavyofanya kazi ina sehemu zaidi ya moja. Kimelea hukua vibaya ndani ya seli nyekundu ya AS oksijeni inapopungua. Pia seli iliyoingiwa na kimelea hujikunja kwa urahisi zaidi, kisha huondolewa na wengu kabla kimelea hakijazaliana.

Utafiti wa seli

Baada ya mwaka 1954 Allison alifanya kazi kwa muda na Pauling huko California. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alijiunga na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Uingereza iliyokuwa Mill Hill, London, na baadaye akaongoza idara ya patholojia ya seli katika kituo cha utafiti cha Harrow.

Katika kipindi hicho alichunguza lisosomu, vifuko vidogo ndani ya seli vyenye vimeng'enya vya kuyeyusha vitu. Mwaka 1965 yeye na mwenzake walionyesha kwamba vimeng'enya hivyo vikitoka ndani ya vifuko vyake vinaweza kuvunja kromosomu za seli za binadamu. Swali la jinsi seli inavyojiharibu kutoka ndani ni muhimu katika utafiti wa saratani na wa uzee.

Mwaka 1966 yeye na wenzake walieleza madhara ya vumbi la silika, ambalo huwapata wachimbaji wa madini na wavunja mawe. Seli walinzi za mapafu ziitwazo makrofaji humeza chembe za vumbi, chembe hizo hupasua lisosomu, na seli hufa. Chembe huachwa huru na kumezwa na seli nyingine, kisha mambo hurudia. Ndiyo maana mapafu huendelea kuharibika hata mtu akiwa ameacha kazi ya mgodini.

Kurudi Nairobi

Mwaka 1978 Allison alirudi Kenya kuwa mkurugenzi wa maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya wanyama, iliyojulikana kwa kifupi ILRAD. Maabara hiyo ilishughulikia hasa ndigana kali, inayoenezwa na kupe, na nagana, inayoenezwa na mbung'o. Magonjwa yote mawili huwatia hasara wafugaji wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 ILRAD iliunganishwa na kituo kingine na kuwa taasisi ya sasa ya ILRI.

Dawa ya kuzuia kukataliwa kwa figo

Mwaka 1981 Allison alihamia California kufanya kazi katika kampuni ya dawa ya Syntex, pamoja na mke wake Elsie Eugui, mwanasayansi kutoka Argentina.

Wazo lao lilianzia tena kwenye magonjwa ya kurithi. Kuna watoto wanaozaliwa na hitilafu katika njia moja ya kemia ya purini, na hao hukosa limfositi, seli za kinga za mwili. Wengine wana hitilafu katika njia nyingine ya purini, lakini limfositi zao ni nzima. Allison na Eugui walihitimisha kwamba limfositi hutegemea njia maalumu ya kujitengenezea purini. Dawa ya kuziba njia hiyo ingezuia limfositi kuongezeka bila kudhuru sana seli nyingine.

Walichagua asidi ya maikofenoliki, iliyogunduliwa katika kuvu na Mwitalia Bartolomeo Gosio mwaka 1893, wakaiboresha ili ifyonzwe vizuri mwilini. Dawa iliyotokea, maikofenoleti mofetili, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa wagonjwa waliopandikizwa figo, na inauzwa pia kwa jina la CellCept. Hutumika vilevile katika baadhi ya magonjwa ambamo kinga hushambulia mwili wenyewe.

Suala la maadili

Jaribio la mwaka 1953 la kuwaambukiza watu malaria huzungumzwa hadi leo. Lilifanyika wakati wa ukoloni, katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya, ambapo uwezo wa Mwafrika kukataa ombi la daktari Mzungu haukuwa sawa na wa leo. Washiriki walijitolea na walitibiwa, lakini malaria waliyopewa ni ya aina inayoweza kuua.

Siku hizi utafiti kama huo hauwezi kuanza bila kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya maandishi ya mshiriki aliyeelezwa hatari zote. Nchini Tanzania kibali cha kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ugunduzi unaitwa kwa jina la Allison, lakini ushahidi wake ulikuwa damu ya wanaume wa Kijaluo, watoto wa Baganda na familia za Musoma.

Umuhimu nchini Tanzania

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu duniani. Inakadiriwa kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Tangu mwaka 2004 watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakiongozwa na daktari Julie Makani, wamefuatilia maelfu ya wagonjwa kwa miaka mingi, na kundi hilo ni moja ya makubwa zaidi duniani kutoka kituo kimoja.

Ramani ya Allison ilichorwa wakati watu wengi walikaa katika maeneo ya kabila lao. Leo katika Gerezani, Kariakoo au Ilala, aliyetoka Musoma, Tanga au Kilimanjaro ni majirani, na huoana. Mtu hawezi kukisia hali yake kwa kutazama kabila au afya yake, kwa kuwa mbebaji haumwi. Njia ya kujua ni kipimo cha damu, na wachumba wengi hushauriwa kupima kabla ya ndoa.

Kuna makosa matatu ya kawaida ambayo utafiti huu husaidia kuyasahihisha:

- Mwenye AS bado anaweza kuugua malaria. Anapaswa kutumia chandarua na kutibiwa kama wengine.
- Mwenye SS hana faida hiyo. Malaria ni hatari sana kwa mgonjwa wa selimundu, na ndiyo sababu hupewa dawa ya kuikinga.
- Ugonjwa hautokani na laana wala uchawi, na si kosa la mama peke yake. Mtoto SS amepokea kinasaba kimoja kwa kila mzazi.

Upande wa kazi yake ya pili, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Aliyepandikizwa figo huhitaji dawa za kutuliza kinga maisha yake yote, na dawa ya Allison na Eugui ni mojawapo ya zinazotumiwa sana duniani kwa kazi hiyo.

Kifo

Allison alifariki Belmont, California, tarehe 20 Februari 2014, akiwa na umri wa miaka 88. Mfano wa selimundu na malaria umeingia katika vitabu vya biolojia vya shule na vyuo duniani kote, na takwimu za Musoma bado hutumiwa kufundishia hesabu za vinasaba katika jamii.

Tazama pia

- Selimundu
- Malaria
- Uteuzi asilia
- Kanuni ya Hardy na Weinberg
- Himoglobini
- Musoma
- Hospitali ya Taifa Muhimbili